Unga wa Temeke na Programu Isiyoguswa

Siku ya kuniaga kazini walinipa mabati na hotuba. Mabati nimeyaezekea banda la kuku hapa Boko, na masika iliyopita hayakuvuja. Hotuba ilisema nimekuwa nguzo ya kitengo, maneno anayoambiwa kila anayestaafu, pamoja na yule aliyekuwa akisinzia mezani, kwa hiyo sikuyabeba. Nilichobeba ni ombi la vijana niliowaacha. Walitaka niwaandikie jinsi mashine inavyozitafuta na kuzipakia maktaba za pamoja pale programu inapoanza kazi. Walikuwa wametoka kuhangaika na programu iliyokwenda vizuri jana na leo inatoa majibu ya ajabu, na mmoja wao aliniambia kwa uso wa mtu aliyeibiwa, "Mama Skola, haki ya Mungu hatujaigusa." Nilicheka, akanuna. Hakujua kwamba maneno hayohayo yaliwahi kukaribia kumpeleka mtu mahabusu, nami nikiwa nimesimama pembeni.

Basi nitaandika. Vyeo na mishahara nitaviruka, kwanza havikuwa vya kujivunia, pili havimfundishi mtu chochote.

Nilitoka Masasi nikiwa msichana aliyefaulu hesabu, nikapanga chumba Kinondoni katika nyumba ya wapangaji wengi, na nikaajiriwa uopereta wa kompyuta katika shirika moja la umma lililokuwa na kazi ya kugawa bidhaa mjini: unga, sukari, saruji, sabuni. Siku ya kwanza niliambiwa nivue viatu mlangoni. Niliona sawa, hata msikitini watu huvua. Ndani kulikuwa na baridi ambayo sikuwahi kuipata maishani, nami nilikuwa na gauni la mikono mifupi. Mashine zilikaa kwa mistari, zinanguruma, na mbele yake alikuwepo mtu mfupi mwenye miwani na sweta la kufumwa.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Umekunywa chai?"

Huyo ndiye Bwana Gulamu. Alikuwa mtoto wa mwenye duka wa Lindi, katika zile jamaa za Kihindi zilizokaa Kusini vizazi na vizazi, na Kimwera chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Mimi nilidhani atanipa kitabu cha kusoma. Alinipa pamba na chupa ya spiriti, akanionyesha jinsi ya kusafisha vichwa vya kusomea tepu. Nilifanya kazi hiyo hiyo kwa muda mrefu mpaka nikaanza kununa, nikamwuliza kama nimesomea kufuta vumbi. Akasema, "Vumbi la Kinondoni halijui kama umesoma." Tepu ikiwa na vumbi inasomwa vibaya, na ikisomwa vibaya yote mengine ni kazi bure. Nilipoelewa hilo ndipo akaanza kunifundisha mengine.

Alinifundisha kuisikiliza diski, maana diski inayotaka kufa hubadilisha mlio kabla. Alinifundisha kutoweka kikombe juu ya kitu chochote chenye waya. Alinifundisha pia kwamba kila Ijumaa, hata kama mtu anakimbilia sala na mwingine anakimbilia mpira, maktaba yote ya vipande vya programu lazima inakiliwe kwenye tepu na tepu itiwe kabatini. Wengine waliona ni kupoteza muda. Kazi ya kunakili ilikuwa yangu, kwa hiyo nami niliona hivyohivyo.

Maktaba yenyewe ilizaliwa na shida. Mwanzoni kila programu ilijibebea kila kitu. Kipande cha kupanga majina, kipande cha kugeuza tarehe, kipande cha kuchapa kichwa cha ukurasa, vyote vilikuwa vimerudiwa ndani ya kila programu, na diski ikajaa. Kununua diski nyingine kulihitaji fedha za kigeni, fedha za kigeni zilihitaji kibali, na kibali kilihitaji mtu ambaye siku hiyo yuko semina. Mashine mpya ilipoletwa, kwa bahati mfumo endeshi wake, yaani programu kuu inayoisimamia mashine, uliweza jambo ambalo ile ya zamani haikuliweza: vipande vya kutumiwa na wengi viliweza kukaa mahali pamoja, nakala moja tu, na kila programu ikavifuata inapoanza. Meneja wetu aliita hiyo ujamaa wa programu. Alikuwa anatania, lakini alisema hivyo pia mbele ya wageni.

Sasa hapa ndipo mlipoomba, msikilize vizuri. Programu iliyolala kwenye diski si kitu kamili. Ndani yake mna maagizo yake yenyewe, na mna majina ya vipande inavyovihitaji lakini haina. Pale inapotaka kuita kipande, imeacha nafasi tupu, kwa sababu haijui kipande hicho kitakaa wapi. Opereta akitoa amri, mfumo endeshi huiweka programu kwenye kumbukumbu ya mashine, kisha husoma yale majina, moja baada ya jingine. Kwa kila jina hutafuta katika maktaba ya kwanza uliyoambiwa. Ukikosa huenda ya pili, kisha ya tatu. Ukilipata jina tu unaacha kutafuta. Hauulizi kama hiki ndicho kile cha jana. Jina limelingana, basi. Kama kipande hicho kimo tayari kwenye kumbukumbu kwa kuwa programu nyingine inakitumia, hauleti kingine, unazielekeza zote mbili palepale. Halafu hujaza zile nafasi tupu, na hapo ndipo programu huanza kwenda. Jina likikosekana kote, programu haianzi, na karatasi ya opereta huchapa jina la kilichokosekana. Hiyo ni heri. Balaa ni kupata kitu chenye jina lilelile kisichokuwa chenyewe.

Kule nilikopanga, wapangaji wote tulikuwa na mbuzi moja ya kukunia nazi. Kila mtu alipika chake jikoni kwake, lakini ikifika nazi alipita ukumbini kuulizia mbuzi iko chumba gani. Bakuli la tui kila mtu alikuwa na lake. Siku mwenzetu mmoja alipoinoa meno akayazidisha, nyumba nzima tulikula tui lenye vifuu, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amebadilisha upishi wake. Ukilielewa hilo, umeielewa maktaba ya pamoja, faida yake na hasara yake.

Mtunza maktaba alikuwa Bwana Gulamu, na sheria aliyoweka ilikuwa moja. Kipande ni cha wote, kwa hiyo anayetaka kukibadilisha apige hodi kwa kila mwenye programu inayokitumia. Hapakuwa na fomu. Ulikwenda mezani kwa mtu ukasema, "Hodi, naingia kwenye kipande fulani," naye akajibu. Mtaalamu wa kigeni aliyekuja kufunga mashine aliusifia sana utaratibu huo. Kasoro yake hakuiona, na sisi hatukuiona, maana sote tulilelewa vizuri. Mswahili akipigiwa hodi hamwulizi mtu anakuja kutafuta nini. Husema karibu kwanza, halafu ndio anatafuta kiti. Kwa muda wote niliokuwa pale sikumbuki hodi hata moja iliyokataliwa. Ninyi leo mna taratibu ndefu za kuomba idhini, na nawasikia mkizilalamikia. Endeleeni kulalamika, lakini zifuateni.

Mwenzetu mmoja aliitwa Kasimu. Alikuwa mtu wa Nachingwea, amejenga Temeke, mwandishi wa programu hodari mwenye haraka. Programu ya kugawa saruji ilikuwa yake, na ile ya kugawa unga ilikuwa ya Bwana Gulamu. Zote mbili zilitumia kipande tulichokiita GHALA. Ukikipa namba ya duka, kinakuambia duka hilo linahudumiwa na ghala gani: la Temeke au la Ubungo. Mzigo wa maduka ya Temeke ulikwenda ghala la Temeke, na wa maduka ya Kinondoni ulikwenda Ubungo.

Upepo ukang'oa paa la banda la saruji pale Temeke. Saruji ikinyeshewa inageuka jiwe, kwa hiyo ikaamriwa saruji yote ya Temeke ipokelewe Ubungo kwa muda. Kasimu akaona njia fupi: badala ya kuhangaika na programu yake, akabadilisha GHALA, ili namba za maduka ya Temeke zijibiwe Ubungo. Hodi alipiga. Alizunguka meza zote asubuhi wakati wa chai. "Hodi jamani, naingia kwenye GHALA." Karibu, karibu. Bwana Gulamu alikuwa na kitumbua mdomoni, akainua mkono. Kasimu akabadilisha, akajaribu programu ya saruji, ikatoa jibu sahihi. Jioni ileile akaletewa habari kwamba mama yake amefariki. Tulimchangia, tukampa pole, akaondoka na basi la Kusini katika mvua.

Wiki iliyofuata niliianzisha programu ya unga kama kawaida yangu. Haikulalamika hata kidogo. Karatasi zikachapwa, dereva akazichukua, malori yakatoka. Banda la unga la Temeke lilikuwa zima na paa lake, lakini unga wake wote ulikuwa umeandikwa Ubungo. Watu wa Ubungo walipoona mzigo umekuwa mkubwa walimshukuru Mungu wakausambaza maduka ya Kinondoni, kama walivyozoea. Temeke haikupata hata kiroba.

Dada yangu alikuwa anakaa Temeke. Alikuja mpaka getini kwetu na kikapu kitupu, hakunisalimu.

"Skola, unga wetu mmeupeleka wapi nyie?"

"Sijui, dada."

"Hujui na wewe ndo unayebonyeza? Watoto wanashindia mihogo. Watu wamepanga foleni toka alfajiri, mwenye duka anatoka anawaambia ghala tupu. Huko Kinondoni wanapika ugali mpaka mbwa wanasaza."

Ilikuwa miaka ya kuwasaka walanguzi. Neno mhujumu likikudondokea, hata majirani waliacha kukuazima chumvi. Na Bwana Gulamu alikuwa na shemeji mwenye duka Kinondoni, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulijali mpaka wiki ile. Kabla jua halijawa kali kila mtu ofisini alikuwa analijua, na wengine walikuwa wameshaongeza duka la pili.

Akaletwa mkaguzi kutoka juu, kijana aliyevaa suti ya Kaunda iliyopigwa pasi vizuri. Akamketisha Bwana Gulamu mbele yetu.

"Programu ya unga nani kaiandika?"

"Mimi."

"Wiki hii nani kaibadilisha?"

"Hakuna, ndugu. Haijaguswa."

"Wiki iliyopita ilipeleka unga Temeke."

"Ndiyo."

"Wiki hii ikaupeleka Kinondoni, kwenye duka la shemeji yako."

"Kwenye maduka yote ya Kinondoni. Ndiyo."

"Na haijaguswa."

"Haijaguswa."

Mkaguzi akafunga kalamu. "Ndugu Gulamu, hata mtoto wa chekechea hawezi kulikubali hilo."

Kwa haki, hakuwa mjinga. Kwake programu ilikuwa kama gunia lililoshonwa mdomo: kama ndani kumekuwa na kitu kingine, basi kuna mtu amelishonoa. Wengi mpaka leo hufikiri hivyohivyo, na ndiyo maana kijana wangu aliapa haki ya Mungu. Bwana Gulamu akanyang'anywa ufunguo wa chumba cha mashine. Akaambiwa akae nje mpaka kikao cha uongozi na tawi la chama. Kikao kikimwona na hatia, atakabidhiwa polisi. Niliogopa. Nilikuwa nimemzoea kama mjomba, na watu niliowajua walioitwa polisi kwa neno lile hawakurudi upesi.

Vijana, programu ikibadilika tabia bila kuguswa, msianze kuisoma programu. Tazameni imepakia nini, imekitoa wapi, na maktaba zilitafutwa kwa mpangilio gani. Mimi sikuwa hodari sana, lakini kazi yangu ilikuwa kuhifadhi karatasi za upakiaji, zile zinazochapwa kila programu inapoanzishwa zikitaja kila kipande kilicholetwa. Niliweka ya wiki ile kando ya ya wiki iliyotangulia. Vipande vyote vilikuwa vilevile. GHALA peke yake kilikuwa kimebadilika ukubwa. Nikakumbuka vitumbua, nikakumbuka "hodi jamani", nikatoka mbio kwenda getini.

Bwana Gulamu alikuwa amekaa kwenye benchi la mlinzi getini, na birika lake la chai. Nikamwinamia.

"Bwana Gulamu, ni GHALA. Ni Kasimu."

"Najua."

"Unajua toka lini?"

"Mkaguzi alikuwa hajafunga kalamu."

"Sasa mbona husemi?"

Akanimiminia chai, nikaikataa, akainywa mwenyewe. "Kasimu yuko msibani, Skola. Nikimtaja leo, watampigia simu mkuu wa polisi Nachingwea. Watamkuta amekaa mkekani, watu wanamsomea mama yake, watamnyanyua mbele ya wajomba zake. Mimi nitakwenda tena Kusini na uso gani?"

"Na wewe wakikuchukua?"

"Mie watanikuta nimekaa hapa na chai."

Nilimkasirikia, na sikuficha. Nikamwambia wema wa namna hiyo ni wa kijinga, ana watoto, na Kasimu si ndugu yake. Akasema Kasimu akirudi atasema mwenyewe, na asiposema basi tutakuwa tumemjua. Masika ilikuwa imeikata barabara ya Kusini pale Rufiji, magari yamelala matopeni upande wa pili wa mto. Hakuna aliyejua atarudi lini. Kikao kilikuwa na siku yake tayari.

Nikaenda kwa meneja. Sikumtaja mtu. Nilimwambia naomba kikao kifanyikie chumba cha mashine, niwaonyeshe kitu kwa vitendo, kwa sababu kwa maneno hawatakielewa na mimi sijui kuhutubia. Meneja alinitazama kama anayetafuta sababu ya kukataa. Hakuipata, akakubali.

Asubuhi ya kikao Kasimu aliingia getini na begi na kikapu cha korosho, suruali yake imekauka matope mpaka magotini. Alikuwa ametoka kwenye basi moja kwa moja, kwa kuwa siku zake za ruhusa zilikuwa zimepita na aliogopa kufukuzwa. Tukampa mkono wa pole. Halafu nikamvuta pembeni nikamweleza yote, kuanzia paa la saruji mpaka benchi la mlinzi.

Alikaa chini ukingoni mwa mtaro, pale pale. "Kwa hiyo mie ndo nimewanyima watu wa Temeke unga."

"Ndiyo."

"Mke wangu yuko Temeke."

"Najua."

"Na Gulamu hajanitaja."

"Kasema uko msibani."

Akajifuta uso kwa mikono yote miwili, akaniuliza kikao kinaanza saa ngapi.

Chumba cha mashine kilijaa. Mwenyekiti wa tawi, mzee wa bohari ambaye hajawahi kuingia mle, alivua viatu mlangoni akabaki na soksi, akaomba koti. Mkaguzi alikuwepo na mafaili yake. Bwana Gulamu akasimamishwa karibu na mlango. Nikatoa amri ya kwanza: programu ya unga, maktaba ya sasa. Ikachapa duka la Temeke, ghala Ubungo. Kisha nikapandisha tepu ya Ijumaa, ile iliyonakiliwa kabla GHALA hakijaguswa, nikairudisha maktaba ya zamani kwenye diski, nikauambia mfumo utafute humo kwanza. Programu ileile, sikuongeza wala kupunguza herufi. Ikachapa duka la Temeke, ghala Temeke.

"Rudia," mwenyekiti akasema. Nikarudia. Akataka abonyeze mwenyewe, akabonyeza kwa kidole kimoja, akaona.

"Kwa hiyo programu ya Gulamu haina kosa."

"Haina, mzee. Haibebi kila kitu yenyewe. Inapoanza inaitiwa vipande kutoka maktaba, na kipande kimoja kilibadilishwa."

"Kimebadilishwa na nani?"

"Maktaba iko chini yangu," Bwana Gulamu akasema.

"Mzee, ni mimi," Kasimu akasema kutoka nyuma, na watu wakampisha. Akaeleza habari za saruji na paa, akaeleza kwamba aliuangalia mzigo wake peke yake na unga hakuufikiria.

"Ulibadilisha kimyakimya?"

"Hapana mzee. Nilipiga hodi kwa wote."

"Wakasemaje?"

"Wakasema karibu."

Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Mwenyekiti akatugeukia mmoja mmoja. "Na hakuna aliyemwuliza anakwenda kufanya nini humo ndani?" Tulitazama sakafu. Sakafu ile ilikuwa safi sana, nilikuwa nimeipiga deki mimi.

Mkaguzi akajaribu kurudi kwenye duka la shemeji. Mwenyekiti akamwambia kwamba karatasi zake mwenyewe zinaonyesha duka lile limepata sawa na mengine yote ya Kinondoni, na kwamba mwizi anayegawia mtaa mzima sawasawa yeye hajawahi kumwona. Mkaguzi akafunga faili. Mzee akapumua, akamgeukia katibu.

"Andika hivi. Kikao kimeona ni kosa la mashine. Gulamu arudishiwe ufunguo. Kila mtu aende kazini."

Alikuwa ametufanyia hisani, sote tulijua. Kosa la mashine halina mtu, halina polisi, halimfukuzi Kasimu akiwa bado na msiba. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo, nikaanza kuikunja tepu yangu.

"Mzee, samahani," Bwana Gulamu akasema. "Msiandike hivyo."

"Gulamu, umeshasalimika. Kaa."

"Mashine haikukosea. Iliambiwa itafute jina, ikalitafuta, ikalikuta. Mkiandika mashine, siku nyingine mzigo ukipotea mtakuja tena kuuliza duka la shemeji yangu. Andikeni Kasimu alikosea kubadilisha bila kuutazama unga. Andikeni Gulamu alikosea kusema karibu bila kuuliza."

"Unataka mwenyewe uandikwe una kosa? Wewe uliyekuwa unangojewa mahabusu?"

"Nataka, mzee. Mhujumu hakosei, mhujumu anakusudia." Akatugeukia sote. "Mie nimezaliwa Lindi. Wiki nzima hii nimekaa pale getini, kila anayepita anajiuliza niliiba kiasi gani. Hakuna hata mmoja aliyedhani labda nimekosea tu, kama ambavyo mngedhani kwa mtu wenu."

Hakuna aliyekohoa safari hii. Mwenyekiti akamwambia katibu afute, aandike alivyoambiwa, na akimaliza asome kwa sauti. Katibu akaandika, akasoma: ndugu Kasimu amekosea, ndugu Gulamu amekosea, wote wameonywa, warudi kazini.

"Ndivyo," Bwana Gulamu akasema. "Ahsante."

Mimi nililia, wala sikujali nani ananiona. Yeye alipokea ufunguo wake, akaniuliza kama Ubungo bado kuna lori, maana mgao wa unga wa Temeke wa wiki ile ulikuwa haujapakiwa.